Mshonaji wa Nyumba ya Mgiriki

Ukiingia Uvira, mashariki ya Kongo, asubuhi ukitokea upande wa Kavimvira, jua likiwa limeinuka juu ya milima ya Burundi ng'ambo ya ziwa, kitu cha kwanza kukuchoma macho ni jengo la Déogratias, tajiri wanayemwita Patron. Ni ghorofa tisa za vioo, katika mji ambao nyumba nyingi zimejiinamia kati ya mlima na maji. Ukisogea karibu unaona jambo jingine. Miguuni pa vioo vile, nusu imemezwa na nusu imebaki nje, ipo nyumba ya zamani ya mawe, yenye vigae vyekundu na baraza pana la matao. Watu wanaiita nyumba ya Mgiriki mpaka leo, ingawa hakuna anayekumbuka jina la Mgiriki mwenyewe.

Kwenye baraza hilo ndipo Domitille aliposhona nguo tangu alipokuwa mke mpya.

Mgiriki alikuwa ameuza hapo chumvi, vitambaa na majembe, enzi za Wabelgiji. Alipoondoka, nyumba ikawa ghala la pamba iliyotoka uwanda wa Ruzizi. Pamba ilipokwisha, nyumba ikawa ya kila mtu na isiwe ya mtu. Mumewe Domitille, Gaspard, alikuwa fundi wa malori. Mwaka waliooana alimletea mashini ya kushona kutoka Bujumbura, ya miguu, nyeusi, akaisimika mwenyewe chini ya tao la kwanza ambako mwanga wa ziwa unaingia vizuri. "Hapa ndipo utakapokaa," alimwambia, na kweli akakaa.

Alishona mashati meupe na sketi za buluu za watoto wa shule. Alishona kanzu za kwaya za Wakatoliki na za Waprotestanti, akajua ni kwaya ipi inanenepa na ipi inakonda. Alipunguza suti za marehemu ziwaenee wana wao wakubwa. Wanawake walioteremka kutoka Rurambo na Bijombo kuja sokoni walimwachia vikwembe vyao, yaani vitenge, siku ya kufika, wakavichukua siku ya kurudi mlimani. Pembeni yake alikaa fundi viatu, na Blandine aliyeuza ndagala, dagaa wa ziwani, na upande wa pili wa baraza alikaa Annie, muuza chumvi na sabuni, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha bandari nzima. Annie alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Déogratias. Baada ya masomo mtoto huyo alijificha chini ya meza ya Domitille, akafanya kazi zake za shule katikati ya vipande vya vitambaa. Shati lake la kwanza la shule lilitoka mikononi mwa Domitille.

Annie alikufa. Mtoto akakua, akaingia biashara ya mafuta ya gari, akapata lori, kisha malori. Siku moja akaja akiwa mwanaume mwenye kitambi na saa kubwa mkononi, akasimama mbele ya baraza akiwa na karatasi za kiwanja, akamwita Domitille kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama alivyomwita siku zote.

"Mama Vainqueur, hii nyumba nimeinunua. Lakini sitaivunja. Bainjenia banataka niivunje, minye nikakatala. Tutajenga nyuma yake na juu yake. Na weye, tukimaliza, utarudia fasi yako ileile."

"Na hawa wengine?" Domitille aliuliza.

Déogratias akaangalia upande wa ziwa. "Hawa wengine tutaona."

Domitille aliyaamini maneno hayo, na hakukosea, maana hayakuwa ya uongo. Ila kungoja kulikuwa kurefu. Walipoanza kuchimba, alihamishia mashini yake kando ya barabara, chini ya hema la plastiki, na akashona hapo katika vumbi la simenti mpaka kikohozi kikawa chake cha kudumu. Kila asubuhi aliinua macho na kuona nguzo nyingine imepanda juu ya vigae vya Mgiriki. Wakati huohuo ziwa nalo lilikuwa linapanda. Halikuja kwa hasira. Lilikuja polepole, kama mgeni anayesogeza kiti, mpaka likaingia katika nyumba yao ya Kalundu, likapita chini ya kitanda, likabaki. Walihamia juu, mtaa wa Songo, vyumba viwili vya kukodi mlimani. Miguu ya Gaspard ilikuwa imeanza kuvimba. Alipandishwa huko mara moja akiwa ameshikwa huku na huku, na tangu siku hiyo hakuteremka tena.

Hivyo Domitille akawa mtu wa kuteremka asubuhi na kupanda jioni. Alipofika nyumbani alipika, akamkanda mumewe miguu kwa maji ya moto, akalala bila kuota. Alijisemea kwamba siku atakayorudi kwenye baraza lake, mambo yatakuwa mepesi.

Siku ilifika. Padri alinyunyiza maji ya baraka, fanfari, bendi ya tarumbeta, ikapiga, wakubwa wakakata utepe. Kisha Déogratias akamshika Domitille mkono mbele ya watu wote na kumwingiza ndani. Baraza lilikuwa ndani sasa. Mbele ya matao walikuwa wamesimamisha ukuta wa kioo, juu yake ukumbi mrefu unaopanda mpaka huoni mwisho, na taa ndogo zilizofichwa zikayamulika mawe yaliyosuguliwa yakawa meupe kama meno. Chini ya tao la kwanza kulikuwa na zulia jekundu, na juu ya zulia mashini yake, imepakwa mafuta. Alilia kidogo. Watu wakapiga makofi.

Jioni ile Gaspard alitaka kujua yote.

"Iko namna gani mule?"

"Iko baridi."

"Baridi? Huku Uvira?"

"Baridi ya mashini. Inatoka mu plafo."

Gaspard akatazama dari lao, akacheka mpaka kitanda kikatikisika, na Domitille akacheka naye. Walikuwa hawajacheka hivyo kwa muda mrefu.

Blandine ndiye aliyekuwa mteja wake wa kwanza, au ndiye angekuwa. Alikuja siku chache baadaye, beseni la ndagala kichwani, kikwembe kipya kwapani. Alikuwa na harusi ya mtoto wa dada yake. Mlangoni alisimama Fiston, santineli, yaani mlinzi, wa mchana, kijana mstaarabu mwenye shati lililopigwa pasi kila siku. Domitille aliwaona kupitia kioo. Aliona Fiston akiinama kwa heshima na kunyoosha mkono. Aliona mdomo wa Blandine ukifunguka na kufungwa, lakini sauti haikupita. Alipoinuka na kufika mlangoni, Blandine alikuwa ameshageuka.

"Yaya, banasema harufu," Blandine alimwambia, akimwita kama dada mkubwa. Hakuonekana kukasirika, alionekana kama mtu aliyekutwa na doa nguoni. "Niache beseni inje. Nani atanichungia beseni?"

"Nipe kikwembe hapa hapa, nitapima."

"Utanipima mu barabara? Acha, yaya. Nitaona mwengine."

Na wengine walifanya vilevile. Wanawake wa mlimani walifika mpaka kwenye ngazi, wakajiona kwenye kioo wakiwa na matope ya safari, wakarudi. Mama wa watoto wa shule waliuliza, "Ni hapa kweli?" na kabla ya kujibiwa wakaondoka. Hakuna aliyewafukuza. Ilitosha kioo kuwa kioo.

Kwenye ghorofa za juu kulikuwa na benki, na mashirika, na hoteli. Watu wa huko walivaa nguo zilizokuja zimeshashonwa. Walipita mbele yake wakielekea kwenye asanseri, ile lifti ya kwenda juu, wakasema "Bonjour, mama," wakapiga foto. Mgeni mmoja wa Kinshasa aligusa ukuta wa mawe kwa kiganja, akatikisa kichwa kwa kustaajabu. Kisha kwa mkono uleule akagusa gurudumu la mashini. Kisha mkono ukasogea kuelekea kilemba cha Domitille, ukasita hewani, ukarudi mfukoni.

Msimamizi wa jengo alikuwa mwanamke kijana aitwaye Aline, msomi wa Bukavu, mwenye viatu virefu vilivyolia kote ukumbini. Hakuwa mbaya. Alimletea Domitille pasi ya umeme, kwa kuwa ile ya makaa ilikuwa inapeleka moshi mpaka ghorofa ya tatu. Alimletea vikwembe viwili vya rangi inayofanana na zulia. Na siku moja, akiona Domitille amekaa mikono mapajani, alimwinamia sikioni.

"Mama, bageni bakiingia, sogeza mguu kidogo. Patron anapendaka kusikia ile mashini."

"Sina nguo ya kushona, mwana wangu."

"Hata kama hakuna. Shona tu kitu."

Basi Domitille akatafuta kipande cha amerikani nyeupe, akakishona pindo. Pindo likaisha. Akachukua wembe, akafumua uzi wote, akaanza tena. Kesho yake hivyo hivyo, na siku zilizofuata. Kitambaa kiliota vinyweleo pembeni kwa kutobolewa. Kila mwisho wa mwezi alipewa mshahara ambao Déogratias alimpangia, bila kucheleweshwa, na ndiyo uliolipa dawa za Gaspard, kwa hiyo alijikemea kila alipotaka kulalamika. Kuna watu wangapi wamepoteza nyumba na hawana hata hicho? Alijiambia hivyo akipanda mlima, na bado miguu ilikataa.

Uchovu aliujua. Msimu wa kufungua shule alikuwa amewahi kushona mpaka vidole vikafa ganzi, akaamka na kuendelea. Ule ulikuwa uchovu unaolala nao, na ukiamka umepungua. Huu wa sasa haukupungua kwa usingizi. Alishuka nao asubuhi, ukakaa naye kwenye zulia, ukapanda naye jioni. Gaspard alianza kumwangalia kwa pembe ya jicho.

"Leo umeshona nini?" alikuwa akimuuliza, kama alivyomuuliza miaka yote, maana alipenda hadithi za nguo na wenye nguo.

"Vitu," Domitille alijibu.

Siku ya kujibu zaidi ya hapo ililetwa na joto la mchana. Ndani hakukuwa na joto, lakini yeye alikuwa ameteremka mlima juani, na ile baridi ilipompiga ilimlegeza. Mguu ulikuwa ukikanyaga wenyewe. Pindo likaja, pindo likaja, kisha halikuja tena. Alilaza shavu juu ya amerikani na kulala.

Kilichomwamsha ni mlio mdogo wa simu inayopiga foto. Hakufumbua macho mara moja. Alisikia sauti ya Déogratias ikieleza kwa Kifaransa: mawe haya, miaka ile, matao haya, na mama huyu. Alisikia wageni wakicheka taratibu, kicheko cha watu wanaomwonea mtoto huruma. Mmoja akasema kwamba ni vizuri sana, ni halisi kabisa. Na Déogratias akacheka pamoja nao.

Domitille akafumbua macho. Déogratias aliyaona, na kicheko kikamkatikia mdomoni.

Aliwasindikiza wageni mpaka asanseri, akawaacha wapande na Aline, akarudi peke yake. Alichutama mbele ya mashini, patron mzima na suruali yake ya bei, kama enzi zile za chini ya meza. Kwenye shavu la Domitille kulikuwa na alama ya pindo, mstari mwekundu wa nukta nukta.

"Mama Vainqueur, unisamehe. Benyewe habakuwa na ubaya."

"Najua. Déo, minye nachoka."

"Nitakuletea kiti kingine. Kya mugongo muzuri."

"Si kiti."

"Basi pumuzika. Kaa nyumbani juma moya, mbili, mushahara utakuja vilevile."

"Unisikie. Nikikaa hapa na sishone nguo ya muntu, minye ni nini?"

"Weye ni wa hii nyumba," Déogratias alisema.

"Nyumba haichokake. Iko mawe. Minye niko na miguu, na niko na muzee kule juu ananiuliza kila siku nimeshona nini, na minye namudanganya."

Kupitia kioo walimwona Fiston akimwonyesha mtu njia ya kuzunguka nyuma. Déogratias alikuwa ameshika ncha ya kile kitambaa cheupe, anakipapasa vinyweleo vyake, na Domitille akajua kwamba hakuwa amewahi kukiangalia kabla ya saa hiyo.

"Mama yangu alikuwa anakaa pale," alisema, akinyoosha kidevu kuelekea tao la mwisho, ambako sasa kulikuwa na mti wa plastiki kwenye chungu. "Nikiingia asubuhi na sikusikia hii mashini, naona kama niliuza fasi yake."

"Annie alikuwa anapiga kelele kutoka asubuhi mpaka magaribi. Alikuwa anagombana na fundi viatu, na bapolisi, na padri. Hakuna muntu alimupiga foto."

Déogratias akacheka kwa pua, macho yamejaa maji.

"Angekuja leo na beseni yake ya chumvi," Domitille aliendelea, na hakuinua sauti, "angefika mupaka kwa mulango."

Déogratias alisimama, magoti yakilia, akajifuta uso kwa kiganja kama mtu aliyetoka kunawa. Hakuwa mtu mbaya, Domitille alilijua hilo kuliko wote. Alikuwa amepigania yale mawe alipoambiwa ni upumbavu. Alikuwa ameokoa alichoweza kukiona.

"Na mashini?" aliuliza. "Unaweza kuniachia mashini?"

"Mashini inaenda na minye."

"Sawa, mama."

Ilitoka asubuhi ya pili yake. Fiston mwenyewe aliibeba miguu ya chuma mpaka kwenye pusupusu, mkokoteni uliongoja barabarani, akaifunga kwa kamba za mpira, akayakagua mafundo mara mbili mbili.

"Mama, usinibebee mu roho," alisema bila kumtazama. "Ilikuwa ni kazi."

"Kazi iko kazi, mwana wangu. Ubaki salama."

Njia ya Songo inapanda vibaya, na mwenye pusupusu alipumzika kila baada ya kona. Domitille alisukuma kwa nyuma. Hakujisikia shujaa wala hakujisikia huru. Alijisikia mama mzee anayesukuma chuma mlimani. Walipofika, Gaspard alikuwa ameketi mlangoni. Aliitazama mashini, akamtazama mkewe, akauliza swali moja tu.

"Umefukuzwa?"

"Nimejifukuza."

Akakubali kwa kichwa. Akaomba kitambaa na mafuta, akajiburuta mpaka karibu, akaanza kuifuta chini ya gurudumu ambako watu wa zulia hawakufika. Domitille aliingia ndani kunywa maji, akakaa kitandani kuvua viatu, na hakuamka mpaka kesho yake jua lilipokuwa limeshapanda. Gaspard alikuwa amewafukuza kuku ili wasimwamshe.

Mambo hayakuwa mepesi. Wateja wa zamani walikuwa chini, na ni wachache wanaopanda mlima kwa ajili ya zipu. Blandine alituma salamu na mara moja mfuko wa ndagala, lakini naye magoti yake si ya kupanda. Dawa za Gaspard zilipungua mpaka mwana wao Vainqueur, aliyekuwa akivua huko Kalemie, alipoanza kutuma chochote alichopata. Kisha shule zikakaribia kufunguliwa, na mama wa mlimani waligundua kwamba kuna mshonaji kati yao. Mashati meupe yakaja, sketi za buluu zikaja. Domitille alishona mlangoni, mgongo ukimuuma pale palepale ulipomuuma zamani, na jioni Gaspard alipouliza leo umeshona nini, alimweleza: mtoto wa fulani, ana mabega ya babu yake; na wa fulani, mama yake ameomba pindo refu ili nguo ivaliwe miaka mitatu.

Kule chini, walisema watu, Patron alinunua mashini nyingine nyeusi, akaiweka kwenye zulia bila mtu. Wageni waliipiga foto vizuri tu.

Alasiri moja Domitille alisikia pumzi nzito kwenye njia, akainua kichwa. Alikuwa Aline, viatu virefu mkononi, miguu mitupu imejaa vumbi jekundu, mfuko wa nguo begani.

"Karibu, binti. Patron amekutuma?"

"Hapana. Ni sketi yangu. Kiuno kimekuwa kidogo." Akaitoa, akaisahau mkononi. Alikuwa akitazama chini, kwenye mabati ya mji, na ziwa, na vioo vya jengo ambavyo saa hiyo mlima ulikuwa umevifunika kivuli. Nyayo zake zilikuwa na malengelenge. "Mama, tangu asubuhi sijakaa. Kule hakuna fasi ya kukaa. Unajua kama kule chini, mu ukumbi wote ule, hakuna kiti?"

"Kulikuwa na kyangu."

"Banakitoa."

Gaspard akasogeza kigoda kwa fimbo yake. Aline akakaa, akaegemea ukuta wa matofali, akafumba macho.

"Naweza kukaa kidogo tu?"

"Kaa," Domitille alisema, akaichukua sketi na kuigeuza ndani nje kutafuta mshono.